Mwaminifu, mwadilifu, wa kuaminika au wa kutegemewa: uandike lipi?

Barua za kumpendekeza mtu kazi hapa Nairobi zina neno ambalo halikosi: mwaminifu. Yaya ni mwaminifu, dereva ni mwaminifu, kijana wa duka la M-Pesa ni mwaminifu, mweka hazina wa chama ni mwaminifu, na marehemu naye, siku ya kusomewa wasifu wake, hukutwa alikuwa mwaminifu. Neno likishawekwa kila mahali, msomaji hulipita kama anavyoipita salamu. Anayetaka kuajiri ana maswali yake, na hayafanani. Je, nikimwachia huyu mauzo ya siku nitayakuta? Atafika saa kumi na mbili asubuhi hata mvua ikinyesha? Na akimwona mpwa wake anaiba stoo, atasema au atanyamaza?

Kiswahili kina maneno ya kujibu kila swali peke yake, ila tumezoea kuokota la kwanza linalokuja mdomoni. Hapa nayaweka manne ubavu kwa ubavu, pamoja na majirani zao wachache, kwa ajili ya mtu anayeandika barua ya sifa, tangazo la kazi, kumbukumbu za mkutano wa chama au hata hotuba ya kumuaga mwenzake. Kigezo changu ni hiki: usichague neno kabla hujajua anayelisoma anaogopa nini.

Mwaminifu: aliyeshika cha mwenzake

Neno hili lina ndugu wengi wa shina moja la Kiarabu: amini, imani, amani, amana. Wa karibu zaidi kwa maana ni huyo wa mwisho. Amana ni mali ya mtu mwingine iliyo mikononi mwako, ambayo ungeweza kuila au kuikana, lakini unairudisha. Kurani inaagiza, katika Sura ya An-Nisaa aya ya 58, kwamba amana zirudishwe kwa wenyewe, na Mtume Muhammad alijulikana Makka kwa lakabu ya al-Amin hata kabla ya utume. Ukitaka kuiona amana ikifanya kazi leo, nenda mtaa wa Eastleigh kwenye hawala: mtu anatoa pesa hapa, ndugu yake anapokea Mogadishu, na pesa zenyewe hazijasafiri popote. Mawakala wawili watamalizana baadaye. Anayetoa pesa anatembea na neno la mtu tu.

Kwa hiyo mwaminifu linakaa vizuri pale mtu anaposhika kisicho chake: funguo za nyumba, droo ya pesa, mtoto, nywila ya kompyuta ya ofisi, siri ya ndoa. Ukiandikia jirani yako barua kuhusu msichana aliyekulelea watoto, hofu ya msomaji ni kwamba atatoka Jumamosi kwenda sokoni asubuhi na kurudi nyumba ikiwa nyeupe. Hapo andika mwaminifu bila kusita. Hakuna neno linalolishinda.

Lakini neno hili lina tabia ambayo waandishi wengi hawaitazami: uaminifu una upande. Mtu huwa mwaminifu kwa fulani. Kwa mwajiri, kwa mke, kwa chama, kwa serikali. Waliosoma shule za msingi enzi za Nyayo, yaani utawala wa Rais Moi, wanakumbuka kusimama gwaride na kuahidi uaminifu kwa Rais na taifa. Neno lilelile, lakini halikuhusu pesa hata kidogo, lilikaribia utiifu. "Wako mwaminifu" tunayoiandika chini ya barua rasmi ni ya ukoo huohuo. Anayeiandika hadai kwamba hajawahi kuiba. Anasema yuko upande wako. Mbwa pia husifiwa kwa uaminifu, na sijasikia mtu akimwita mbwa wake mwadilifu.

Tabia hiyo ndiyo inayofanya mwaminifu liwe jibu bora kwa swali moja na jibu baya kwa swali jingine.

Mwaminifu au mwadilifu?

Mwadilifu limetoka kwa adili, na adili ni haki, kupima sawasawa. Tofauti yake na mwaminifu ni kwamba uadilifu hauna upande. Mwadilifu hutumia mizani ileile akimpimia shangazi yake na akimpimia mteja ambaye hatamwona tena.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imelitenga jambo hili vizuri. Sura ya Sita inaitwa Uongozi na Uadilifu. Jina hilo halisemi uaminifu, na lina sababu ya kutosema. Kifungu cha 73 kinataka maamuzi ya kiongozi yasiyumbishwe na upendeleo wa jamaa, kujuana wala ufisadi. Kifungu cha 75 kinamtaka aepuke mgongano kati ya maslahi yake na kazi ya umma. Waziri anaweza kuwa mwaminifu sana kwa aliyemteua, akamfichia, akamtetea, akamsainia kila kinacholetwa mezani, na umma ukalia. Ukiandika "tunahitaji viongozi waaminifu" bila kusema waaminifu kwa nani, umewaachia nafasi ya kukujibu kwamba wao ni waaminifu kweli, kwa chama chao.

Mfano unaonikaa zaidi ni wa David Munyakei. Alikuwa karani kijana wa Benki Kuu ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati wa kashfa ya Goldenberg, ambapo serikali ililipa mabilioni ya shilingi kama ruzuku ya kuuza nje dhahabu na almasi ambazo kwa sehemu kubwa hazikuwapo. Makaratasi ya malipo yalipita mezani kwake. Akayatoa, yakafika kwa wabunge wa upinzani, na nchi ikajua. Mwaka 1993 alikamatwa, akashtakiwa chini ya sheria ya siri za serikali, akapoteza kazi. Kesi haikufika mbali, ila kazi hakurudishiwa. Alifariki mwaka 2006 bila mali. Sasa jiulize barua yake ya sifa ingeandikwaje. Mwajiri wake wa siku zile angeapa kwamba hakuwa mwaminifu: alipewa siri akaitoa. Na ni kweli, kwa upande wa mwajiri. Lakini huwezi kumnyima neno mwadilifu, na shirika la Transparency International halikumnyima, kwani mwaka 2004 lilimpa tuzo yake ya uadilifu. Maneno mawili, mtu mmoja, na yanavutana. Mtu akikwambia ni visawe tu, mtajie kisa hicho.

Shuka chini sasa, uje kwenye chama cha akina mama wa mtaani. Mweka hazina anakusanya michango kila mwezi, na kuna faini ya kuchelewa. Dada yake wa toka nitoke amechelewa. Mweka hazina mwaminifu hatagusa hata shilingi ya chama, lakini anaweza kumsamehe dada yake faini kimyakimya na asione kosa; pesa zote zipo, tena zimehesabiwa. Mwadilifu atamtoza dada yake mbele ya wenzake, kisha wakasirikiane hadi Pasaka. Kama chama chenu kimevunjwa na wizi, tafuteni mwaminifu. Kama kimevunjwa na manung'uniko ya "mbona yule hakutozwa", tafuteni mwadilifu, na kwa maoni yangu vyama vingi vya Nairobi hufa kwa hilo la pili, ingawa la kwanza ndilo linalosimuliwa.

Angalizo moja kuhusu mwadilifu: ni neno la kuvaa suti. Linafaa kwa hakimu, mkaguzi wa hesabu, msimamizi wa mtihani, afisa wa ununuzi, mwenyekiti wa kamati ya basari. Ukimwandikia yaya kwamba ni mwadilifu, msomaji atadhani anakwenda kugombea kiti. Kwenye mazungumzo ya kawaida watu husema "mtu wa haki", na hiyo unaweza kuiandika hata kwenye barua bila kuona haya. "Ni mtu wa haki kwa watoto wote, wangu na wa jirani" ni sentensi ambayo mama yeyote ataisoma mara mbili.

Kuaminiwa si kuaminika

Hapa tofauti iko kwenye mnyambuliko, na wengi huikanyaga. Anayeaminiwa ni yule ambaye watu wanamwamini. Anayeaminika ni yule ambaye anafaa kuaminiwa, yaani ukimwamini hutajuta. La kwanza ni habari za watu wengine. La pili ni habari zake mwenyewe. Tapeli hodari anaaminiwa sana, maana asipoaminiwa hana kazi. Miradi ya piramidi ilipomeza akiba za Wakenya miaka ya 2006 na 2007, wengi waliingizwa na watu waliowaamini: jamaa, wafanyakazi wenzao, waumini wa kanisa moja. Wote hao waliaminiwa. Kwa hiyo "anaaminiwa na kila mtu mtaani" si sifa ya kumtuliza msomaji makini. Ni taarifa tu kuhusu mtaa.

Wa kuaminika lina uzuri mwingine ambao mwaminifu hana: linatumika kwa vitu na habari. Redio husema "duru za kuaminika", mwanafunzi hutafuta "data za kuaminika", mama wa soko la Marikiti anataka mizani ya kuaminika. Huwezi kusema mizani ni mwaminifu, labda kwa utani. Ukiandika kuhusu kampuni, mashine, ripoti au huduma, achana na mwaminifu kabisa uje huku.

Kwa watu, wa kuaminika ni jepesi kidogo kuliko mwaminifu. Kiambishi kile cha mwisho, -fu, ambacho wakati mwingine huwa -vu, ndicho tunachokikuta kwenye mkamilifu, mvumilivu na mnyenyekevu: hueleza tabia iliyomkaa mtu. Wa kuaminika ni hukumu ya anayemtazama. Nikisema fulani ni mwaminifu nimezungumzia moyo wake. Nikisema ni wa kuaminika nimezungumzia rekodi yake. Ndiyo sababu watu wa mikopo wanapenda maneno ya mnyambuliko huu. Kwao mtu "anakopesheka" au hakopesheki. Huduma ya mikopo ya simu ya M-Shwari ilipoanza mwaka 2012, na Fuliza ilipofuata mwaka 2019, kiwango cha mkopo kilipangwa na mashine ambayo haijawahi kumwona mkopaji. Haijui kama una moyo mwema. Inajua ulilipa lini.

Basi kama unamwandikia mtu uliyefanya naye kazi kwa muda mfupi, au kwa simu tu, wa kuaminika ndilo neno la haki. Mwaminifu linahitaji umemjua. Nimeona barua za mwezi mmoja zikiapa uaminifu wa mtu hadi mifupani, na msomaji mwerevu hujiuliza mwandishi alimjuaje hivyo haraka.

Halafu kuna wale wanaojiandikia wenyewe. "Fundi wa kuaminika", "Wakala wa kuaminika wa ploti", maneno yamepakwa rangi ukutani kutoka Kayole hadi Kawangware. Wahenga walishamaliza: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye tangazo lako mwenyewe, badala ya kujiita wa kuaminika, andika jambo linaloweza kukaguliwa: "Unalipa baada ya kazi kukamilika" au "Njoo na wakili wako tukague hati pamoja Ardhi House". Msomaji atalitoa neno mwenyewe.

Wa kutegemewa: saa, mvua na Jumatatu

Nina fundi wa mabomba ambaye ni mwaminifu kupita kiasi. Ukimpa elfu mbili za vifaa na akatumia elfu moja na mia saba, atakurudishia mia tatu na risiti. Lakini akisema atakuja Jumanne, unapaswa kumuuliza Jumanne ya mwezi gani. Fundi huyo ni mwaminifu asiyetegemewa, na Nairobi imejaa wa namna yake. Kinyume chake kipo pia: dereva asiyekosa hata siku moja, saa kumi na moja alfajiri yuko langoni, gari limeoshwa, na kila wiki mafuta yanapungua kwa namna isiyoelezeka.

Kutegemewa ni kubeba uzito wa mwingine bila kuporomoka. Hofu inayojibiwa hapa haihusu wizi, inahusu pengo. Nani atafungua duka kesho? Nani atakaa na mgonjwa usiku? Ukimwandikia barua mlinzi, muuguzi wa nyumbani, mpishi wa shule, mwendesha boda wa kuwapeleka watoto, weka wa kutegemewa mbele na mwaminifu nyuma. Mitaani watu hawalisemi hivyo, wanasema "hatakuangusha". Kwa simu, kauli hiyo ina nguvu kuliko kivumishi chochote.

Kuna mtego ambao lazima niutaje kwa sababu nimeuona kwenye barua za watu waliosoma. Wanaandika "ni mfanyakazi mtegemezi", wakidhani wamesifu. Mtegemezi ni anayemtegemea mwingine. Wategemezi wako kwenye fomu ya bima ya afya ni mwenzi wako na watoto. Barua hiyo inamwambia mwajiri mpya: huyu ni mzigo, mpokee. Mwenye kubeba ni mtegemewa, au kwa lugha laini zaidi, mtu wa kutegemewa.

Vitabu vya dini vimelitazama pengo hili kati ya uaminifu na utendaji kwa ukali kuliko sisi. Katika Sura ya Al-Qasas aya ya 26, binti anamshauri baba yake amwajiri Musa, na anataja sifa mbili kwa pamoja: mwenye nguvu, mwaminifu. Hakuridhika na moja. Na kwenye Injili ya Mathayo sura ya 25, watumwa wawili waliozalisha talanta wanaitwa wema na waaminifu, lakini yule wa tatu, aliyeifukia yake ardhini akairudisha nzima bila kuiba hata chembe, anaitwa mbaya na mlegevu. Kwa wizi hakuwa na hatia. Bwana wake alitaka zaidi ya hapo. Ukiandika barua, fuata mfano wa yule binti: sifa moja ya mkono safi, nyingine ya kazi yenyewe.

Majirani

Mkweli lina mipaka yake: linahusu maneno. Mkweli atakwambia waziwazi kwamba hana pesa yako, na bado hutaipata. Linafaa kwa shahidi, mwandishi wa habari, muuzaji wa gari la mtumba anayekuonyesha mahali lilipogongwa.

Msiri ni gumu kidogo, kwa sababu lina sura mbili. Ni yule unayempa siri akaitunza, na ni yule anayeficha mambo yake. Kwenye barua ya karani wa hospitali au wa ofisi ya wakili, usiandike "ni msiri". Andika "anatunza siri za wateja". Umeepuka utata wote.

Muungwana hapo zamani pwani lilimtenga mtu huru na mtumwa. Leo linasema adabu na utu. Ni sifa nzuri ya shemeji, lakini kwa pesa haisemi chochote. Wapo waungwana wakubwa wanaodaiwa na kila duka.

Mdhamini si sifa, ni jukumu. Sacco inapotaka wadhamini kabla ya kukupa mkopo, haikutukani; inasema kwamba neno lako halitoshi mpaka wengine waweke akiba zao nyuma yake. Dhamana huanzia pale amana inapokoma.

Karatasi nazo husema nini?

Watu huchanganya karatasi tatu, na kila moja hubeba neno tofauti. Cheti cha mwenendo mwema kinatolewa na DCI, idara ya upelelezi wa jinai, baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Kinaeleza hali ya rekodi yako ya jinai. Hakisemi wewe ni mwaminifu. Kinasema polisi hawana kumbukumbu ya kukupinga. Watu wengi wenye mkono mrefu wanacho, kwa kuwa hawajawahi kukamatwa.

Cheti cha utumishi ni haki yako. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 51, inamlazimu mwajiri kukupa unapoondoka, isipokuwa kama ulifanya kazi kwa chini ya wiki nne mfululizo. Kinataja jina, tarehe za kuanza na kuacha kazi, na aina ya kazi. Hakina sifa.

Barua ya sifa ndiyo ya tatu, na kifungu hichohicho kinasema mwajiri halazimiki kuitoa. Hapo ndipo uzito wa neno unapotoka. Aliyekuandikia mwaminifu hakusukumwa na mtu. Angeweza kukupa cheti cha tarehe akanyamaza. Waajiri wenye uzoefu husoma hata huo unyamavu. Barua ikisifu usafi, bidii na heshima, na isitaje pesa popote kwa mtu aliyekaa kaunta miaka mitatu, wataelewa.

Na ukitaka kusema kinyume? Kuwa mwangalifu hapo. "Si mwaminifu" kwa Nairobi ni njia ya adabu ya kusema mwizi, au mzinzi, kulingana na nani anayezungumziwa. Ukiliandika na huwezi kulithibitisha, unaweza kujikuta mahakamani Milimani ukijibu kesi ya kashfa. "Haaminiki" ni pana zaidi na halielekezi kidole droo ya pesa, lakini nalo linauma. Kama mtu alikuwa anachelewa, andika kwamba alikuwa anachelewa. Kama hukubaini aliyechukua pesa, usimwekee neno kichwani. Na kama huna jema la kusema, cheti cha utumishi kinatosha kisheria.

Hata hivyo hukumu nyingi hazipitii kwenye karatasi, hupitia kwenye simu. Mwajiri mpya anampigia wa zamani.

"Mama, shikamoo. Samahani kukusumbua, nimempata huyu dada aliyekuwa kwako Buruburu. Ni mwaminifu?"

"Marahaba, mwanangu. Mwaminifu ni mwaminifu..."

Na hapo sauti inapanda, inabaki hewani, na anayeuliza anajua kwamba kuna "lakini" inayokuja. Neno likirudiwa mara mbili kwa namna hiyo, kazi yake imekuwa kutenga: wizi hana, lakini kuna jambo jingine, labda mdomo, labda usingizi, labda simu. Ukiwa wewe ndiwe unayeulizwa, na huna "lakini", usirudie neno. Toa tukio. "Nilisahau elfu kumi kwenye mfuko wa suruali ya kufua, akaniletea zikiwa zimelowa." Simu itakatwa mapema, dada atapata kazi.

Nikikuandikia sentensi za kuanzia

Kwa yaya: "Amekaa kwetu miaka miwili akiwa na funguo zote. Ni mwaminifu, na watoto hawajawahi kubaki peke yao." Nusu ya kwanza ni amana, ya pili ni kutegemewa.

Kwa mhudumu wa duka la M-Pesa, msomaji anaogopa upungufu wa jioni. "Mwaminifu" peke yake ni hafifu hapa, kwa sababu hata mwaminifu anaweza kukosea namba. Andika: "Hesabu zake za jioni zilikuwa zinalingana, na pale zilipokosa kulingana alinijulisha siku hiyohiyo." Umesema mwaminifu, mkweli na makini, na hujatumia hata neno moja kati yake.

Kwa mkaguzi au mwenyekiti wa kamati: "Ni mwadilifu, aliwahi kukataa ombi la jamaa yake kwa sababu halikutimiza masharti." Ukikosa tukio la namna hiyo, pengine hujui kama ni mwadilifu. Andika mtu wa heshima, uishie hapo.

Kwa dereva au boda: anza na muda, malizia na mafuta.

Kwa kampuni ya kuhamisha mizigo au ya intaneti: ya kutegemewa au ya kuaminika, kamwe si "aminifu". La kwanza kama hofu yako ni kukosa huduma, la pili kama hofu ni bei kubadilika mizigo ikiwa tayari lorini.

Kwa mchumba, mbele ya wazee: mwaminifu, na usiongeze kitu. Ukimwambia baba mkwe kwamba binti yake ni wa kutegemewa, atadhani unamtafutia kazi.

Jambo la tahajia, kwa kuwa linaharibu barua nzuri: umoja ni mwaminifu na mwadilifu, wingi ni waaminifu na waadilifu, kwa a mbili. "Waminifu" iliyozagaa kwenye matangazo ni kosa, na "muaminifu" ni matamshi ya watu yaliyopanda kwenye karatasi. Mhariri atakusahihishia. Mwajiri hatakwambia, atageuza tu ukurasa.